Kuboresha Kompyuta Mpakato kwa Kazi ya Video: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Kazi ya kupiga na kuhariri video imekuwa miongoni mwa shughuli zinazowapatia vijana kipato katika kata nyingi. Harusi, sendofu, mahafali, maulidi, kipaimara na matangazo ya biashara ndogo vyote huhitaji mtu mwenye kamera, kompyuta na subira. Kamera mara nyingi hupatikana, kwa kuwa simu ya kawaida ya leo hurekodi picha safi. Kikwazo huwa ni kompyuta mpakato: inachelewa kufunguka, picha inakwama, na mteja aliyeahidiwa video yake Ijumaa anaipata Ijumaa ya wiki mbili baadaye.

Hapo ndipo wazo la kununua kompyuta mpya huibuka, na pamoja nalo wazo la kukopa. Makala haya yanaeleza hatua za kufuata kabla ya kufikia uamuzi huo. Funzo lake kuu ni moja: kompyuta huchelewa kwa sababu mahususi, na fedha itakayotumika kwenye sehemu isiyo chanzo cha uchelewaji ni fedha iliyopotea.

Mfano wa kikundi

Chukua mfano wa kikundi cha vijana watano wanaotumia kompyuta mpakato moja aina ya HP EliteBook 840 G3, ambayo waliinunua ikiwa imekwishatumika ofisini. Ina prosesa ya Intel Core i5-6300U, RAM ya GB 8 na diski ya kuzunguka ya GB 500. Wanahariri harusi zinazopigwa kwa simu mbili. Kila wanapoweka video hizo katika programu ya uhariri, mashine hukwama. Wanachama watatu wanataka kikundi kikope shilingi 2,400,000 kununua kompyuta nyingine. Wawili wanasema iliyopo iongezwe uwezo. Nani ana haki? Jibu halipatikani kwa kupiga kura, bali kwa kupima.

Hatua ya kwanza: kuijua kazi yenyewe

Video hupimwa kwa ukubwa wa picha na kwa kiasi cha data kinachopita kila sekunde. Picha ya 1080p ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, yaani takribani nukta milioni 2. Picha ya 4K ina nukta 3,840 kwa 2,160, yaani zaidi ya milioni 8. Hivyo, anayerekodi kwa 4K huipa kompyuta yake nukta mara nne zaidi za kushughulikia katika kila picha. Iwapo mteja ataitazama harusi yake kwenye simu, mzigo huo mara nyingi hauna faida inayoonekana.

Nafasi ya kuhifadhia nayo hukokotolewa kirahisi. Video inayorekodiwa kwa megabiti 16 kwa sekunde hutumia megabaiti 2 kwa sekunde, kwa kuwa baiti moja ina biti 8. Kwa dakika moja hiyo ni megabaiti 120, na kwa saa moja ni takribani GB 7.2. Simu mbili zikirekodi kwa saa 5 kila moja, kikundi kitarudi nyumbani na takribani GB 72. Kwa hesabu hiyo, diski ya GB 500 haiwezi kubeba hata harusi saba, ukizingatia nafasi inayochukuliwa na mfumo wa kompyuta na programu zake.

Hatua ya pili: kupima penye kikwazo

Kompyuta yenye Windows ina kipimo chake cha ndani kisicholipiwa. Mtumiaji huchomeka chaja, kwa kuwa kompyuta nyingi hupunguza kasi zinapotumia betri. Kisha hufungua kazi ya video inayomsumbua, huicheza, na hubonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha la Task Manager litafunguka. Katika sehemu ya Performance, asome mistari mitatu: CPU, ambayo ni prosesa; Memory, ambayo ni RAM; na Disk, ambayo ni diski.

Usomaji wake huenda hivi. Prosesa ikifikia asilimia 100 huku RAM na diski zikiwa na nafasi, kikwazo ni prosesa. RAM ikizidi asilimia 90, kikwazo ni RAM. Diski ikifikia asilimia 100 huku RAM ikiwa na nafasi ya kutosha, kikwazo ni diski.

Pana mtego mmoja unaowapoteza wengi. RAM inapojaa, kompyuta huanza kutumia sehemu ya diski kama RAM ya akiba. Diski ya kuzunguka ni polepole mno kwa kazi hiyo, hivyo nayo hupanda hadi asilimia 100. Mtazamaji asiyejua husema diski ndiyo mbovu, ilhali diski inabeba mzigo usiokuwa wake. Kwa sababu hiyo, mstari wa RAM usomwe kabla ya mstari wa diski.

Turudi kwenye mfano wetu. Kikundi kilipopima, tuseme kilikuta RAM asilimia 94, diski asilimia 100 na prosesa asilimia 45. Prosesa haikuwa imeelemewa, ilikuwa ikisubiri. Kwa kipimo hicho, kununua kompyuta mpya kwa ajili ya prosesa yenye kasi kungekuwa ni kutibu mguu usiouma.

Hatua ya tatu: matengenezo yasiyo na gharama kubwa

Kabla ya kununua kifaa chochote, kompyuta iliyotumika miaka mingi isafishwe. Vumbi likiziba feni, prosesa hupata joto, na prosesa yenye joto kali hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Fundi akiondoa vumbi na kupaka upya dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa, mashine hurudi kwenye kasi yake ya awali. Vilevile, diski iliyojaa ipunguzwe mafaili, na programu zinazojiwasha pamoja na kompyuta bila kuhitajika zizimwe.

Hatua ya nne: RAM

Kwa kuhariri video za 1080p, GB 8 ni kiwango cha chini cha kuanzia, na GB 16 hutosha kazi nyingi za kawaida. Kwa 4K, GB 32 huleta nafuu. Faida ya ziada ya RAM ni kwamba kompyuta mpakato nyingi za bei nafuu hazina RAM ya pekee kwa ajili ya michoro, bali huazima sehemu ya RAM ileile ya kompyuta. Katika mashine za namna hiyo, vipande viwili vinavyolingana hufanya kazi vizuri kuliko kimoja, kwa sababu data hupita njia mbili kwa wakati mmoja.

Mambo manne yahakikiwe kabla ya kulipa. Kwanza, kipande kiwe cha kompyuta mpakato, kinachoitwa SO-DIMM. Cha kompyuta ya mezani ni kirefu zaidi na hakiingii. Pili, kizazi kilingane: DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani, na baadhi ya kompyuta za zamani huhitaji DDR3L, inayotumia umeme wa volti 1.35. Tatu, ijulikane kama kompyuta ina nafasi ya kuongezea, kwa kuwa baadhi ya kompyuta nyembamba zina RAM iliyounganishwa moja kwa moja kwenye bodi na haibadilishwi. Nne, Windows iwe ya biti 64, kwani ile ya biti 32 haitumii zaidi ya GB 4 hata ikiongezewa.

EliteBook ya kikundi chetu ina nafasi mbili na hutumia DDR4. Inaweza kufikia GB 16 bila tatizo.

Hatua ya tano: diski

Diski ya kuzunguka ya kompyuta mpakato husoma takribani megabaiti 100 kwa sekunde inaposoma faili moja kwa mfululizo. SSD ya kawaida inayotumia njia ya SATA hufikia takribani megabaiti 500, na ile ya NVMe hupita megabaiti 2,000. Hata hivyo, ikumbukwe kuwa video moja ya simu inahitaji megabaiti 2 tu kwa sekunde. Mbona basi diski ya kuzunguka hushindwa? Ni kwa sababu uhariri haufuati mfululizo. Programu huchota kipande hapa na kipande kule, huandika mafaili madogo ya muda, na kila mara sindano ya diski hulazimika kuhama. SSD haina kitu cha kuhama ndani yake, hivyo hujibu papo hapo.

Hesabu hii hutoa funzo la kuokoa fedha: kwa video za kawaida, tofauti kati ya diski ya kuzunguka na SSD ya SATA ni kubwa sana, lakini tofauti kati ya SSD ya SATA na NVMe haionekani sana wakati wa kuhariri. Mwenye bajeti ndogo asione aibu kuchagua ya SATA.

Umbo la SSD liangaliwe pia. Baadhi ni za inchi 2.5, zinazokaa mahali pa diski ya zamani. Nyingine ni vipande vyembamba vya M.2, na hivi hugawanyika: vipo vya SATA na vipo vya NVMe, ingawa kwa macho hufanana. Fundi athibitishe ni aina gani kompyuta inaikubali. Mpangilio unaofaa ni SSD kubeba mfumo wa kompyuta, programu na kazi inayoendelea, na diski ya kuzunguka kubaki ghala la kazi zilizokwisha.

Sehemu zisizoongezeka

Katika kompyuta mpakato nyingi, prosesa na kadi ya michoro huunganishwa kwenye bodi kiwandani na hazibadilishwi. Kwa hiyo, iwapo kipimo kilionesha kuwa prosesa ndiyo iliyofikia asilimia 100, RAM na SSD hazitaiponya. Zipo njia mbili tu zilizosalia: kuipunguzia mzigo au kubadili kompyuta.

Njia ya kupunguza mzigo ni kutumia nakala nyepesi. Programu ya uhariri hutengeneza nakala ndogo za kila video, kwa mfano za nukta 960 kwa 540, ambazo ni robo ya 1080p. Mhariri hukata na kupanga akitumia nakala hizo, na wakati wa kutoa video ya mwisho programu hurejea kwenye video halisi. Mteja hapotezi ubora wowote. Kdenlive na Shotcut, ambazo hupatikana bure kwa Windows na Linux, zote zina uwezo huo. Kinachotumika ni muda wa kutengeneza nakala, ambao unaweza kupita usiku wahariri wamelala.

Njia nyingine huanzia kwenye simu. Simu nyingi za sasa hurekodi kwa mtindo wa HEVC, unaobana faili zaidi lakini unaoitaabisha prosesa ya zamani wakati wa kuifungua. Kubadili mpangilio wa kamera kwenda H.264 hufanya faili kuwa kubwa zaidi, lakini jepesi kuhariri. Mabadiliko hayo hayagharimu shilingi hata moja.

Ikilazimu kubadili kompyuta

Kwa anayenunua kompyuta iliyokwishatumika, jina la prosesa husema mengi. Tarakimu zinazofuata kistari hutaja kizazi: i5-6300U ni ya kizazi cha 6, i5-8350U ya kizazi cha 8, na i5-10210U ya kizazi cha 10. Herufi U huashiria prosesa inayotumia umeme kidogo, na H huashiria yenye nguvu zaidi. Mpaka muhimu ni kizazi cha 8, kwa kuwa ndipo prosesa za i5 na i7 za daraja la U zilipotoka viini viwili kufikia vinne. Hivyo, i5 ya kizazi cha 8 kwa kawaida huifaa kazi ya video kuliko i7 ya U ya kizazi cha 6, ijapokuwa muuzaji ataisifu zaidi hiyo i7.

Kuna sababu ya pili ya kuzingatia mpaka huo. Huduma ya kawaida ya masasisho ya usalama kwa Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa upande wa Intel, Windows 11 hukubali rasmi, isipokuwa kwa aina chache, prosesa za kuanzia kizazi cha 8. Mwenye kompyuta ya nyuma ya hapo anaweza kuendelea kuitumia kwa kuweka mfumo wa Linux, lakini anayenunua leo asinunue kompyuta iliyokwishapitwa na mpaka huo kwa bei ya iliyo ndani yake.

Tahadhari dukani

Mnunuzi aende na kompyuta yake, ili kifaa kifungwe na kujaribiwa mbele yake. RAM mpya isomeke kwa ukamilifu wake. SSD ijaribiwe kwa kunakili mafaili mengi na kuyafungua tena, kwa kuwa zipo bandia zinazoandikwa GB 1,000 ilhali ndani zina sehemu ndogo tu ya hizo. Risiti ya EFD idaiwe kila mara. Mbali na kuwa takwa la sheria, ndiyo ushahidi wa mnunuzi iwapo kifaa kitaharibika ndani ya muda wa dhamana.

Kabla ya diski kubadilishwa, kazi zote za wateja zinakiliwe mahali pengine pawili. Harusi hairudiwi, na fidia ya fedha hairudishi picha za mzazi aliyekwishafariki. Aidha, diski ya zamani isiuzwe wala kutupwa na picha za watu ndani yake. Picha hizo ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayezitunza kuzilinda.

Hesabu ya mkopo

Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290, inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kukosekana kwa riba hakuondoi deni. Mkopo ni wa kikundi, hivyo kifaa kisichozalisha huwa mzigo wa wanachama wote. Pia fedha inayorejeshwa ndiyo inayokopeshwa kwa kikundi kinachofuata.

Tuseme kila harusi huacha faida ya shilingi 40,000 baada ya kutoa gharama. Mkopo wa shilingi 2,400,000 unaorejeshwa kwa miezi 12 unahitaji shilingi 200,000 kwa mwezi, yaani faida yote ya harusi 5 kila mwezi. Iwapo RAM, SSD na usafi wa mashine vitagharimu shilingi 480,000, rejesho ni shilingi 40,000 kwa mwezi, yaani harusi moja. Takwimu hizi ni za mfano, na kila kikundi kiweke bei halisi za soko lake. Lakini swali halibadiliki: ni kazi ngapi za kila mwezi zitakwenda kwenye deni, na je, kazi hizo zipo hata miezi ya Kwaresima na Ramadhani, harusi zinapopungua?

Katika mfano wetu, kikundi kilichagua kuboresha. RAM ilipofika GB 16 na SSD ilipofungwa, mashine ilichangamka na diski ikatulia. Kisha, walipojaribu video ya 4K, prosesa ilifikia asilimia 100. Hilo halikumaanisha kuwa walikosea. Kikwazo cha kwanza kikiondolewa, cha pili hujitokeza, na safari hii tiba yake ilikuwa nakala nyepesi. Wanachama watatu waliotaka kompyuta mpya hawakuwa na kosa la kudumu pia: siku ambayo wateja watalipia 4K kwa bei yake, hesabu itafanywa upya, na huenda ikawapa haki.

Maswali ya kujipima

1. Kazi zinazolipiwa sasa ni za 1080p au 4K?
2. Kompyuta inapokwama, ni mstari upi uliofikia juu: prosesa, RAM au diski?
3. Je, imesafishwa vumbi, na nakala nyepesi zimejaribiwa?
4. Kompyuta inakubali RAM ya kizazi kipi na SSD ya umbo gani?
5. Nakala za kazi za wateja zipo mahali pawili?
6. Rejesho la mwezi ni sawa na faida ya kazi ngapi?

Kikundi kitakachoweza kujibu maswali haya kwa maandishi kitakuwa kimekwishaandaa sehemu kubwa ya andiko lake la mradi. Maelezo kuhusu masharti na utaratibu wa mikopo ya asilimia 10 hutolewa na Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata.